Kichwa cha gia cha zamani usikitupe: namna ya kukitengeneza nyumbani na kukiuza mtandaoni bila kurudishiwa mzigo

Wiki iliyopita niliweka picha ya kichwa cha gia cha mninga nilichotengeneza hapa Kabanga, na inbox ikajaa. Wengine mnataka kununua, ila wengi mnauliza, "Kaka, nifundishe na mimi niuze." Leo nawapa yote, pamoja na yale yaliyonitia hasara. Soma hadi mwisho kabla hujachukua tupa na msasa, maana biashara hii inaonekana ya mchezo lakini kitu chenyewe kinashikwa na dereva mwenye abiria ndani.

Nikisema kichwa cha gia namaanisha kile kitufe cha juu ya fimbo ya gia, wengine mnaita nobu. Kwenye magari mengi ya huku kwetu, Land Cruiser za miradi, Hiace na zile Probox za mchomoko, kimeshachoka. Ngozi imebanduka, plastiki imepasuka, namba za gia zimefutika. Dereva anakishika siku nzima kuliko kitu kingine chochote kwenye gari ukiacha usukani. Ndo maana kinauzika: ni kitu kidogo, hakivunjiki njiani, kinaingia kwenye boksi la sabuni, na mteja anaona mabadiliko siku hiyo hiyo.

Sasa nianze na aibu yangu.

Vichwa vyangu vya kwanza nilitoboa mbao, nikamimina gundi, nikasokota kwenye fimbo ya gia nikaona kimeshika. Nikauza. Dereva mmoja wa mchomoko wa Kasulu kwenda Kigoma alikuwa kwenye mteremko, anarudisha gia ya pili ili injini imsaidie kushika gari, kichwa kikabaki mkononi. Akashika chuma kitupu, akaingiza gia, akapita salama. Jioni alinipigia, hakutukana, aliniambia tu, "Mdogo wangu, nilikuwa na watu saba." Nililala vibaya siku hiyo. Tangu hapo sitoi kichwa ambacho uzi wake umekatwa kwenye mbao.

Hasara ya pili ilikuwa ya pesa. Nilipata oda ya vichwa 8 vya Toyota kwa mpigo. Nikasema safi, nitatumia nati za tairi za Toyota ziwe moyo wa chuma ndani ya mbao, Toyota si ni Toyota? Nikatuma. Vitano vikarudi. Vinaingia mizunguko miwili, vinagoma. Mteja mmoja alilazimisha kwa spana, akaharibu nyuzi za fimbo yake, na fundi wa kuzinyoosha nililipa mimi.

Kumbe shida ni hii. Nati ya tairi ya Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12, na kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni milimita 1.5. Fimbo ya gia ya Toyota nyingi za manyuo ni 12 kwa 1.25. Unene ni ule ule, nyuzi ni tofauti. Kwa macho huoni. Subaru za manyuo nazo ni 12 kwa 1.25. Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi ni 10 kwa 1.25, Honda nyingi 10 kwa 1.5. Nasema "nyingi" makusudi. Gari la miaka 20 limeshapita kwa mafundi kumi, na mwingine alishabadilisha fimbo. Kwa hiyo jina la gari linakupa pa kuanzia tu, kipimo ndo kinakupa jibu.

Na kipimo mteja wako wa Geita au Morogoro anaweza kukupa kwa simu yake. Mwambie asokote kichwa cha zamani kinyume na saa hadi kitoke, aweke rula ya shule pembeni ya nyuzi, apige picha kwa karibu. Wewe hesabu nyuzi ndani ya sentimita moja. Zikiwa 8 kamili, ni 1.25. Zikiwa kama 6 na nusu hivi, ni 1.5. Zikiwa 10, ni 1. Unene wa fimbo utausoma kwenye rula hiyo hiyo. Picha moja tu, na imeniokoa mara nyingi kuliko fundi yeyote. Bila picha ya rula, mimi siku hizi sipokei hela ya mtu.

Kama uko karibu na gari, kuna njia ya haraka zaidi. Azima nati ya tairi ya Nissan au Subaru. Hiyo ni 12 kwa 1.25. Ikiingia kwa vidole mpaka mwisho kwenye fimbo ya Toyota, umeshapata jibu. Inachekesha kidogo kwamba nati ya tairi ya Nissan inakaa kwenye gia ya Toyota na ya Toyota yenyewe haikai, lakini ndo hivyo.

KWA NINI NASEMA USIKITUPE CHA ZAMANI

Vichwa vingi vilivyotoka kiwandani vina moyo wa chuma au shaba nyeupe ndani ya plastiki, wenye nyuzi sahihi kabisa za gari hilo. Huo moyo ndo mali. Plastiki ya nje ikichoka, moyo bado mzima. Kwa hiyo ukimwambia mteja akutumie kichwa chake kibovu umtengenezee, umemaliza tatizo la kipimo lote kwa siku moja. Hapo una njia mbili.

Njia nyepesi ni kukivika ngozi, na kama unaanza leo anza na hii. Hugusi nyuzi, hugusi moyo, hatari ni ndogo. Sugua plastiki na msasa namba 120 hadi mng'ao uishe, nafasi zilizopasuka jaza gundi ya mirija miwili, acha ikauke usiku mzima. Chukua ngozi laini ya ng'ombe, nyembamba, ya kama milimita moja. Mafundi viatu wa Kasulu mjini wana vipande vya kubaki ambavyo watakuuzia kwa bei ya soda. Funika kichwa na karatasi au tepu ya karatasi, chora mistari ya mishono, kata tepu, ifungue: huo ndo mchoro wako. Kata ngozi ndogo kidogo kuliko mchoro, kama milimita mbili kila upande, kwa sababu ngozi ikilowa inanyooka. Loweka dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, vuta, shona kwa shazia na uzi wa nta wa fundi viatu, mshono ukae upande wa kiganja usikokaza. Ikikauka inabana yenyewe. Usianike juani, itakauka kama ngozi ya ngoma. Kivulini, siku mbili.

Angalia tu kitu kimoja: ngozi ya chini isiingie kwenye tundu la nyuzi.

Njia ya pili ni kuchukua ule moyo na kuuhamishia kwenye mbao. Hapa ndo kuna bei nzuri, na hapa ndo wengi wanaharibu.

MBAO

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tumebarikiwa. Mafundi wa milango na vitanda Kasulu na Kibondo wanafanyia kazi mninga, na mabaki yake yanaishia jikoni yakawa kuni. Kipande cha sentimita 6 kwa 6 kwa 8 kinatosha kichwa kimoja. Nunua kwa seremala anayejulikana, omba risiti hata ya kuandika kwa mkono, maana mbao ni mazao ya misitu na watu wa TFS wana haki ya kukuuliza umetoa wapi. Usiende kukata mti mwenyewe kwa ajili ya vichwa vya gia, tafadhali. Na kama unavutiwa na ule wekundu wa mkurungu, jua kwamba tangu 2019 uko kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mpingo nao umo kwenye orodha hizo. Mteja wa nje ya nchi akikuagiza kichwa cha mti wa namna hiyo, uliza kwanza TFS kuhusu vibali, ndo upokee oda.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia: mbao lazima iwe kavu kweli. Sio kavu ya macho. Huku kwetu mvua inapiga kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, Mei, na mbao iliyolala kwenye karakana kipindi hicho inabeba maji hewani. Unaikereza, inapendeza, unaituma Dodoma. Kule hewa kavu, gari limeegeshwa juani vioo vimefungwa, mbao inapoteza maji na kusinyaa. Moyo wa chuma katikati hausinyai. Kitu cha nje kinabana, cha ndani hakisogei, basi lazima ipasuke. Mteja anadhani umemuuzia takataka. Hujamuuzia takataka, umemuuzia mbao mbichi. Kwake ni yale yale.

Dawa yake ni mzani mdogo wa jikoni. Kata vipande vyako vikubwa kidogo, andika uzito na tarehe kwa penseli, weka ndani juu ya kabati au karibu na jiko lakini sio juu ya moto. Kila Jumapili pima. Uzito utashuka gramu chache kila wiki. Siku utakapoona wiki tatu mfululizo haujashuka hata gramu moja, mbao yako imeshakauka kwa hewa ya kwako. Mimi vile vya kwenda Dodoma, Singida na Shinyanga naviongezea wiki mbili juu ya dari, palipo na joto la bati.

KUWEKA MOYO

Kata kichwa cha zamani kwa msumeno wa chuma, polepole, pande mbili, plastiki itafunguka kama karanga. Ukikuta nyuzi zimechongwa kwenye plastiki yenyewe na hakuna chuma, achana nacho. Tumia nati mpya ndefu ya kipimo sahihi kutoka duka la spea. Nati yenye pembe sita ni nzuri kwa sababu pembe zinashika gundi, haiwezi kuzunguka ndani.

Toboa mbao kwanza, kereza baadaye. Ukianza na kukereza utajuta, maana kitu cha mviringo hakishikiki kwenye jiliwa. Tundu liwe pana kidogo kuliko moyo, milimita moja hivi kila upande, kisha kwa ndani zaidi endelea na tundu jembamba la kupokea ncha ya fimbo ikipita. Ule upenyo wa milimita moja sio uzembe. Gundi itakayojaa pale ndiyo inayopunguza ugomvi wa mbao na chuma niliousema juu.

Halafu fanya hivi: chukua bolti ya nyuzi zile zile, ipake mafuta ya mgando, isokote ndani ya moyo ipite kidogo upande wa pili. Bolti inafanya kazi mbili, inazuia gundi isiingie kwenye nyuzi, na inakusaidia kuona kama moyo umesimama wima. Paka gundi ya mirija miwili kwenye moyo na kwenye tundu, ingiza, simamisha wima ukilinganisha na kona ya kitabu au spirit leveli, acha saa 24. Kichwa kilichoinama nyuzi mbili tatu dereva atakiona kila siku ya maisha yake.

Baada ya hapo mpelekee mwenye mashine ya kukereza, au kama huna, tupa ya mbao na msasa vinatosha. Changu cha kwanza kilichouzika kweli nilikitengeneza kwa tupa nikiwa nimekaa kibarazani. Msasa 80, halafu 120, 240, malizia 400. Duara la sentimita 5 linakaa vizuri kwenye viganja vingi. Vanishi tumia ile ngumu ya sakafu, mikono mitatu myembamba, msasa 400 katikati. Kisha vumilia wiki nzima kabla ya kufunga. Vanishi ya siku mbili inanata kwenye karatasi ya boksi na mteja anapokea kichwa chenye maandishi ya gazeti.

NDOO YA LITA 20

Hakuna kichwa kinachotoka kwangu bila kulala na ndoo. Nasokota kichwa kwenye bolti niliyofunga kamba, nakiweka juu ya tundu la benchi ambalo hakipiti, kamba inaning'inia chini na ndoo ya maji ya lita 20. Hizo ni kilo 20. Asubuhi nikikuta moyo umesogea hata unywele, kinaenda jikoni. Halafu nabana bolti kwenye jiliwa, nazungusha kichwa kwa mikono yote miwili kwa nguvu. Natengeneza video fupi ya ndoo. Hiyo video ndiyo imeniuzia kuliko picha zote nzuri nilizowahi kupiga.

Kwa mteja, mwelekeze afunge hivi: nati nyembamba ya kufungia itangulie chini, kichwa kifuate, mchoro wa gia ukitazama mbele arudishe nati juu ikaze dhidi ya kichwa. Kikicheza kidogo, azungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi. Asipake gundi kwenye fimbo, kamwe. Siku fundi akitaka kufungua koni ya gia itabidi akikate.

Na mchoro wa gia usiuache. Najua kichwa kitupu kinapendeza kwenye picha. Lakini gari la mchomoko linashikwa na madereva watatu, na rivasi haiko sehemu moja kwa kila gari. Kwenye Kijapani nyingi za gia tano iko chini ya gia ya 5, kulia nyuma. Kwenye za Ulaya nyingi iko kushoto juu. Muombe mteja picha ya mchoro wa zamani, uchome vile vile kwa waya wa moto au kalamu ya kuchomea. Nembo ya Toyota au ya kampuni yoyote usichome, hata mteja akibembeleza. Hiyo ni alama ya mtu, na FCC wanakamata bidhaa bandia. Jina la mteja, namba ya gari, jina la mtoto wake, sawa.

GARI AMBAZO NAKATAA

Otomatiki yenye kitufe cha kubonyeza kwenye kichwa, nakataa. Kile kitufe ndo kinachofungua gia itoke kwenye P, na nyingine zina waya wa kitufe cha overdraivu unaopita ndani ya fimbo. Ukiharibu, gari halitoki uwanjani. Nakataa pia za manyuo zenye pete ya kunyanyua ili uingize rivasi, mpaka nilione gari kwa macho. Ngozi juu yake sawa, ila moyo siguswi.

Wenye wateja Burundi kupitia Manyovu, ulizeni usukani uko upande gani. Kwetu gia inashikwa kwa mkono wa kushoto. Kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara na magari yao yamechanganyika. Duara halina shida. Ila ukichonga umbo la kufuata vidole, mkono usio wake utamuuma.

BEI

Hesabu zangu za kichwa kimoja cha mbao: kipande cha mninga 1,000, nati 1,500, gundi 1,500, msasa na vanishi 1,500, kukereza 3,000, boksi 500. Jumla 9,000. Nauza 20,000, nauli ya basi juu ya mteja. Inabaki 11,000, kabla ya bando na muda wako. Sasa angalia kimoja kikirudi kwa kipimo kibaya: nauli ya kurudi 5,000, kutengeneza kingine 9,000, kutuma tena 5,000. Hiyo ni 19,000, karibu faida ya vichwa viwili imeondoka kwa sababu ya rula ya mia tano. Wewe weka bei za sehemu yako, lakini fanya hesabu ya kurudi pia, sio ya kwenda tu.

Kwenye tangazo usiandike "kinaingia gari zote". Mimi naandika hivi: "Kichwa cha gia cha mninga, duara sentimita 5, moyo wa chuma 12 kwa 1.25, kimepimwa kwa kilo 20 usiku mzima. Cha gari ya manyuo. Tuma picha ya fimbo yako na rula kabla ya kulipa." Linaonekana refu, lakini anayesoma hadi mwisho ndo ananunua, na maswali ya "kitaingia kwangu?" yamepungua sana. Picha piga kikiwa mkononi, mkono wa kushoto, ndani ya gari, mchana kivulini. Weka na ya cha zamani pembeni yake kikiwa na plastiki iliyopasuka.

Yule dereva wa mteremko nilimtengenezea kingine bure, kikalala na ndoo usiku mbili badala ya mmoja. Bado kiko kwenye Probox yake. Ameshaniletea madereva wanne, na kila mmoja alikuja na picha ya rula tayari kwenye simu.

Mwenye fimbo asiyoielewa, tuma picha na rula yake inbox, nitakusaidia kuhesabu nyuzi. Leo jioni niko na vipande 12 kwenye mzani.